Seli kwa Aliyesoma Sanaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaoanza Kozi ya Anatomia

Nafanya kazi ya kuchua misuli, Dar es Salaam. Jioni mbili kwa wiki nakaa na watu wanaoanza kozi ya anatomia na fiziolojia: wachua misuli wenzangu, walimu wa mazoezi, na wanaohudumia wazee majumbani. Wengi walisoma masomo ya sanaa kama mimi, na karibu wote hukwama mahali pamoja: kwenye sura ya seli, kabla hata hawajaufikia mfupa wa kwanza. Haya ndiyo maswali wanayoniletea.

Nilisoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Fizikia na Kemia niliziacha kidato cha tatu. Kweli nitaweza?

Utaweza, na sisemi hivyo ili kukutia moyo tu. Sura ya seli katika kozi hizi haina hesabu za kukutisha. Inakutaka usome maelezo marefu bila kupotea, ukumbuke nani anafanya nini, na ueleze kwa nini jambo limetokea. Mtu wa historia amefanya kazi hiyo miaka yote ya sekondari. Ulieleza vyanzo vya Vita vya Maji Maji, cheche iliyowasha moto, kisha matokeo yake. Kueleza kwa nini kifundo cha mguu kimevimba baada ya kuteguka kunafuata njia hiyohiyo.

Tena Bayolojia uliisoma hadi kidato cha nne, maana ilikuwa lazima kwa kila mwanafunzi. Ulichokosa ni msamiati na kemia kidogo.

Kemia kidogo ni kiasi gani?

Jioni mbili au tatu zinatosha. Jua atomi ni nini, na kwamba atomi ikipoteza au kupata elektroni inakuwa ioni. Zifahamu ioni nne kwa majina: sodiamu, potasiamu, kalsiamu na kloridi. Elewa kwamba molekuli ya maji ina upande ulio chanya kidogo na upande ulio hasi kidogo, ndiyo maana chumvi huyeyuka ndani ya maji na mafuta hukataa. Hilo la mafuta litakurudia kwenye utando wa seli, kwa hiyo usilipite haraka. Jua pH ni kipimo cha uasidi, na kwamba ya damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Halafu zijue familia nne za molekuli kubwa: wanga, mafuta, protini, na asidi za nyuklia, yaani DNA na RNA.

Basi. Kusawazisha milinganyo ya kemikali achana nako, kozi yako haitakuuliza.

Mimi nataka kujifunza misuli na mifupa. Seli zinanihusu nini?

Mteja atakuuliza kwa nini mfupa wa jirani yake ulivunjika ukaunga, lakini goti lake yeye lililochubuka gegedu, ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa, bado linamtesa. Jibu liko kwenye seli. Mfupa una mishipa mingi ya damu, seli zake zinapata chakula na oksijeni, nazo hujenga upya. Gegedu halina mishipa ya damu kabisa. Seli zake chache zimekaa katikati ya dutu ngumu zikingoja chakula kipenye polepole kutoka kwenye majimaji ya kiungo. Ukilielewa hilo, hutamwahidi mteja miujiza.

Sehemu za seli ni nyingi na majina yanachanganya. Nizikaririje?

Usizikariri kama orodha. Nimeona watu wakiandika "mitokondria: nishati, ribosomu: protini" mara hamsini daftarini, halafu swali likigeuzwa kidogo tu wanabaki wanaitazama karatasi. Chagua kitu kimoja kinachotengenezwa na seli, ukifuate tangu agizo linapotolewa hadi kinapofika nje. Majina utayaokota njiani, kila moja na kazi yake.

Mimi huwapa kolajeni. Ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini, karibu theluthi ya protini yako yote, na ndiyo tunayoishika kutwa nzima: kwenye ngozi, kano, ligamenti na makovu. Tena umeshaiona. Chemsha kongoro la ng'ombe jioni, uiache supu sufuriani hadi asubuhi. Utaikuta imeganda, ukiitikisa sufuria inatetemeka. Kilichoigandisha ni kolajeni ya ngozi na kano za kongoro, iliyolegezwa na moto ikawa jelatini.

Sasa tuifuate inavyotengenezwa. Ndani ya kano yako kuna seli inayoitwa fibroblasti. Kwenye kiini chake kuna DNA, na katika DNA hiyo kuna jeni yenye maelekezo ya kolajeni. DNA haitoki nje ya kiini. Ni kama hati ya kiwanja iliyofungiwa ofisini: wewe unapewa nakala. Nakala hiyo ni RNA mjumbe, nayo hupita kwenye tundu la utando wa kiini ikaingia kwenye saitoplazimu, ule ute unaoijaza seli.

Huko inakutana na ribosomu, ambayo huisoma na kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine, zaidi ya elfu moja kwa uzi mmoja. Ribosomu zinazotengeneza kolajeni hujibandika juu ya retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa vifuko na mirija ndani ya seli, ile inayoitwa ya kukwaruza kwa sababu ribosomu zimeijaa kama upele. Uzi unaingia ndani yake. Humo vimeng'enya, protini zinazoharakisha kazi za kemikali, vinaurekebisha, na vimeng'enya hivyo haviwezi kuendelea na kazi bila vitamini C. Kisha nyuzi tatu zinasokotwa pamoja kama kamba ya katani.

Hapo kwenye vitamini C natulia kidogo kila mara. Mtu asipoipata kwa miezi kadhaa, kamba hii inasokotwa vibaya: fizi zinatoka damu, meno yanalegea, hata vidonda vilivyopona zamani hufunguka. Ndicho kiseyeye, ugonjwa uliowamaliza mabaharia. Mwaka 1747 tabibu wa meli Mskoti, James Lind, aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili na kuwapa tiba tofauti. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Hakujua lolote kuhusu retikulamu, lakini wewe sasa unajua mahali penyewe ambapo kazi ilikuwa imesimama.

Tuendelee. Kamba inapelekwa kwenye kifaa cha Golgi, tabaka za vifuko bapa vilivyolaliana. Fundi cherehani mmoja katika kundi letu alivichora kama vitenge vilivyokunjwa dukani, na mpaka leo hajavisahau. Golgi humalizia bidhaa, huipakia kwenye kifuko kidogo na kuielekeza inakokwenda. Kifuko kinasafiri juu ya nyuzi za saitoskeletoni, kiunzi cha ndani ya seli, kinafika kwenye utando wa seli, kinaungana nao na kumwaga kolajeni nje. Huko nje ncha zake zinakatwa, kamba zinajipanga sambamba, na nyuzi imara za kano zinapatikana. Njia nzima inalipiwa na ATP, molekuli ambayo ni kama sarafu ya nishati ya seli, na sehemu kubwa yake hutoka kwenye mitokondria. Sehemu za seli zilizochakaa zinavunjwavunjwa kwenye lisosomu.

Rudi juu usome tena huku ukichora. Sura nzima ya sehemu za seli umeipita kwa uzi mmoja wa kolajeni.

(Wateja wengi huniuliza kama supu ya kongoro inapeleka kolajeni moja kwa moja kwenye magoti. Hapana. Utumbo unaivunja kuwa asidi amino na vipande vifupi, na mwili unavitumia unapovihitaji. Ni chakula kizuri, lakini hakina anwani ya goti.)

Nilifundishwa kwamba kiini ni "rais wa seli". Ni sahihi?

Mfano huo siupendi, kwa sababu unakupotosha pale unapouhitaji zaidi. Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini, haina mitokondria, na bado inafanya kazi siku 120 hivi. Seli ya msuli wa kiunzi, kwa upande wake, ina viini vingi. Kiini kione kama mahali pa kutunzia maelekezo. Seli yenyewe ndiyo inayoyatumia, kulingana na kazi yake na ishara zinazotoka nje.

Na seli ya mviringo iliyomo vitabuni, yenye kila kitu kimoja kimoja, haipo popote mwilini mwako. Ni mchoro wa kufundishia. Mwili wa mtu mzima una seli zinazokadiriwa kuwa trilioni 30, na zaidi ya asilimia 80 ni chembe nyekundu za damu, vijisahani vyenye upana wa mikromita 7 au 8. Seli ya neva inaweza kuwa na mkia wa karibu mita moja, kutoka uti wa mgongo hadi mguuni. Umbo hufuata kazi, na hilo ndilo litakalokuvusha kwenda sura ya tishu.

Difyusheni na osmosisi zinanichanganya.

Washa ubani pembeni mwa chumba. Baada ya muda aliyekaa mlangoni ananusa. Chembe za harufu zimetoka kwenye wingi zikaenda kwenye uchache, bila kusukumwa na mtu. Hiyo ni difyusheni. Oksijeni huingia kwenye damu yako kwa njia hiyo.

Osmosisi ni safari ya maji peke yake, kupitia utando unaoruhusu maji kuliko vilivyoyeyuka ndani yake. Kata kitunguu cha kachumbari, kinyunyizie chumvi, kifikiche kidogo, kiache. Baada ya dakika kumi kimelegea na chini ya bakuli kuna maji. Hukumwaga maji wewe. Yametoka ndani ya seli za kitunguu, yakafuata chumvi iliko. Likumbuke neno hilo, maji hufuata chumvi, na nusu ya maswali ya osmosisi utayajibu.

Nusu nyingine inataka uangalie upande gani una vilivyoyeyuka vingi. Chembe nyekundu ikitiwa kwenye maji matupu, maji yanaingia, inavimba na kupasuka. Ikitiwa kwenye maji ya chumvi kali inanyauka. Dripu ya chumvi ya hospitali ina gramu 9 za chumvi kwa lita moja, kiwango ambacho seli haivimbi wala hainyauki.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni pakiti ya ORS. Kwa nini mtoto anayeharisha hapewi maji matupu tu? Kwenye seli za utumbo mwembamba kuna mlango wa protini unaopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji hufuata nyuma. Robert Crane alilieleza wazo hilo mwaka 1960. Hata kuhara kukiwa kukali, mlango huo mara nyingi bado unafanya kazi. Ndiyo maana pakiti ina vyote viwili: gramu 2.6 za chumvi ya kawaida na gramu 13.5 za glukosi kwa lita moja, pamoja na potasiamu na sitrati. Ukizidisha sukari kwa mkono wako unaweza kuyavuta maji yaje utumboni badala ya kuyaingiza mwilini, yaani osmosisi ileile ya kachumbari, sasa ikimdhuru mtoto.

Imebaki njia moja, usafirishaji hai. Hapo seli inasukuma kitu kutoka kwenye uchache kwenda kwenye wingi, kwa hiyo inalipa ATP. Pampu maarufu hutoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili, usiku na mchana. Bila hiyo neva haipeleki habari na msuli haukunji.

Lazima nijue mzunguko wa Krebs wote?

Huo ni mlolongo wa hatua za kemikali ndani ya mitokondria za kuvunja chakula ili kupata nishati. Kwa kozi za ngazi hii, mara nyingi hapana. Angalia mtaala wako. Jua kinachoingia na kinachotoka. Glukosi inavunjwa kwanza kwenye saitoplazimu bila oksijeni, unapata ATP mbili. Mabaki yakiingia kwenye mitokondria na oksijeni ikiwepo, unapata takriban 30. Kinachotoka ni kaboni dayoksaidi na maji.

Ukitaka kuona tofauti kwa macho, mtazame kuku wa kienyeji mezani. Paja ni jeusi, kidari ni cheupe. Paja linasimama na kutembea kutwa, kwa hiyo seli zake zina mitokondria nyingi na mayoglobini, protini nyekundu inayohifadhi oksijeni. Kidari kinapiga mbawa kwa sekunde chache tu, kinategemea zaidi njia ya haraka isiyo na oksijeni.

Na tafadhali, mteja akikwambia "nitoe asidi iliyoganda kwenye misuli", usimkubalie ili tu kumridhisha. Asidi laktiki ya mazoezi huondoka kwenye damu ndani ya saa moja au zaidi kidogo. Maumivu yanayokuja kesho yake na keshokutwa yanatokana na michubuko midogo ndani ya msuli na mwitikio wa mwili kuitengeneza.

Kwa nini kila mwalimu anatolea mfano ugonjwa wa selimundu?

Kwa sababu unakuonyesha safari yote, kutoka herufi moja ya DNA hadi kilio cha mtoto usiku. Na kwa sababu ni wetu: Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao.

Kwenye kromosomu ya 11 kuna jeni ya sehemu mojawapo ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye chembe nyekundu. Herufi moja ikibadilika, ribosomu inaweka asidi amino ya valini mahali pa asidi ya glutamiki, nafasi ya sita. Vernon Ingram alilibaini badiliko hilo miaka ya 1950. Hemoglobini ya namna hiyo ikiachia oksijeni, molekuli zake zinashikana na kuwa fito ngumu, na chembe inapinda kama mundu. Chembe ya kawaida, sahani laini, ilikuwa ikijikunja na kupita kwenye kapilari, mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko yote. Mundu unakwama. Nyuma yake tishu inakosa oksijeni, na hayo ndiyo maumivu. Chembe hizo huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, uboho hauwezi kufidia kasi hiyo, damu inapungua.

Mwenye jeni moja tu kati ya mbili kwa kawaida haumwi, na ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ndiye aliyeonyesha hilo mwaka 1954 kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki. Wazazi wawili wenye jeni moja moja, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mwenye ugonjwa.

Kwa mchua misuli kuna neno la ziada. Mteja mwenye selimundu aliyepatwa na maumivu makali ya ghafla si wa kukandwa. Ni wa kupelekwa hospitali.

Mitosisi na meiosisi?

Mitosisi: seli moja yenye kromosomu 46 inatoa mbili zenye 46 kila moja. Ni ya kukua na kuziba majeraha. Ngozi yako ya juu hujibadilisha kwa takriban wiki nne kwa njia hiyo. Meiosisi: inatoa seli zenye 23, kwa ajili ya mayai na mbegu za kiume. Kwa kozi yako mitosisi ina uzito zaidi. Jua pia kwamba seli za moyo na neva hazigawanyiki kwa urahisi, ndiyo maana kiharusi huacha alama.

Nisome kwa Kiswahili au Kiingereza?

Mtihani wako huenda ni wa Kiingereza, kwa hiyo majina utayahitaji kwa lugha hiyo. Lakini uelewe kwanza kwa lugha unayoifikiria. Mimi huwaambia: ukishindwa kumweleza mama yako osmosisi kwa Kiswahili, hujaielewa, umekariri sentensi.

Tahadhari moja. Kiswahili cha mtaani kina neno "mshipa" kwa mishipa ya damu, ya fahamu, na hata kano. Mteja akisema mshipa umekaza, anaweza kuwa anamaanisha chochote kati ya hivyo. Darasani vitenganishe tangu siku ya kwanza.

Majina mengi yametoka Kigiriki na yana mizizi inayojirudia. Osteo ni mfupa, kondro ni gegedu, mayo ni msuli. Jina likija na blasti mwishoni, hujenga, klasti, hubomoa, siti, ni seli iliyokomaa. Sasa sema mwenyewe osteoklasti hufanya nini.

Itanichukua muda gani, na nisome vipi?

Kundi letu huchukua wiki tatu, saa moja kila siku. Nusu ya saa hiyo tunasoma, nusu tunafunga vitabu na kuchora kutoka kichwani kwenye karatasi tupu. Kuchora huku kunauma mwanzoni, na watu hutamani kurudi kupiga rangi mistari ya kitabu. Usirudi. Pale unapokwama ndipo hujui, na umepajua bure kabla ya mtihani.

Vitabu visikutie gharama: Rice University ya Marekani inatoa bure mtandaoni kitabu kizima cha anatomia na fiziolojia. Sura ya pili ni kemia, ya tatu seli, ya nne tishu.

Nimepata nafasi ya kutumia hadubini ya shule ya jirani. Nitazame nini?

Anza na ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu. Ivue kwa kucha, itandaze kwenye kioo, tia tone la aidini, funika. Utaona vyumba vimepangana kama matofali, kila kimoja na kiini chake. Alama ya matofali ni ukuta wa seli, ambao wewe huna.

Kisha jitazame mwenyewe. Sugua ndani ya shavu taratibu kwa kijiti safi cha pamba, pakaa kwenye kioo chenye tone la maji, tia rangi ya methilini bluu, funika. Anza na lenzi ndogo, tafuta vijibaka hafifu vya bluu, halafu panda hadi lenzi ya 40. Mara ya kwanza nilidhani ni uchafu wa kioo. Ni seli bapa zilizolaliana kama majani yaliyodondoka, kingo zimejikunja, na katikati ya kila moja kuna nukta iliyokoza. Nukta hiyo ni kiini, na ndani yake kuna jeni ileile ya kolajeni tuliyoifuata, ingawa seli ya shavu yenyewe haiitumii. Ukimaliza, tumbukiza kioo kwenye dawa ya kuua vijidudu, na kijiti usikitumie tena.